Maswali ya Wasomaji: Msimu wa Tano Ambao Haukurushwa

Toleo lililopita tuliitaja kwa mistari miwili tu tamthilia ya Star Trek: Enterprise, na barua za Kigoma na Tabora hazijakatika tangu hapo. Karibu zote zinalia kilio kimoja: ingeweza kuwa bora kuliko ilivyokuwa. Tumechagua sita.

Kwa ambaye hajaiona: ilianza kurushwa Marekani tarehe 26 Septemba 2001, ikazimwa 13 Mei 2005 baada ya episodi 98 za misimu minne. Ni simulizi ya kabla, maana inaanzia mwaka 2151, yapata karne moja kabla ya Kapteni Kirk wa mfululizo wa kwanza wa 1966. Nahodha anaitwa Jonathan Archer, na chombo chake ndicho cha kwanza cha binadamu kufikia wopu 5, yaani mwendo unaouacha mwanga mbali sana. Tunakoelekea kunajulikana: mwaka 2161 binadamu, Wavulcan, Waandorian na Watellarite wataunda Shirikisho, umoja wa sayari.

Shikamooni wahariri. Kama najua Shirikisho litaundwa na Dunia haitaangamia, nikeshe naangalia nini? Tunataka kuandika mikondo yetu wenyewe, yaani hadithi zinazovuka episodi kadhaa, lakini kila tukianza tunaona hadithi haina presha. — M.K., Ujiji

Marahaba. Tabora nzima inajua mtemi Isike aliishaje: Januari 1893, Wajerumani wakiwa wameshaingia bomani, akajilipua kwa baruti. Hakuna anayekaa kusikiliza habari hiyo ili ajue kama safari hii Isike atashinda. Anataka kujua nani alimtupa, nani alibaki naye, na ile saa ya mwisho ilikuwaje. Nanyi wa Ujiji mnayo meli ya Liemba. Kila mtu anajua Wajerumani waliizamisha Julai 1916 karibu na mdomo wa Malagarasi, na kila mtu anajua iliibuliwa 1924 ikarudi kazini 1927. Kinachomfanya mtoto aulize maswali ni lile jambo dogo la katikati: kabla ya kuizamisha, mafundi waliipaka mitambo grisi nzito. Mtu anayezama na chombo chake haoshi sahani. Kumbe hawa walikuwa na nia ya kurudi.

Hiyo grisi ndiyo presha ya simulizi ya kabla. Maswali yanayobaki hai ni mawili: jambo linalojulikana lilitokea kwa njia gani, na nani aliligharamia. Chukueni mfano kutoka msimu wa tatu wa tamthilia yenyewe. Kifaa cha Waxindi kimeichana Dunia kutoka Florida hadi Venezuela na kuua watu milioni 7. Archer anawafuata wenye silaha hiyo, na katikati ya safari mtambo wake wa wopu unaharibika. Anakutana na chombo cha Waillyrian, anaomba koili ya wopu, nahodha wao anakataa kwa sababu anaihitaji. Archer anavamia na kuichukua kwa nguvu, akijua anawaacha miaka mitatu mbali na kwao. Tulijua Dunia itapona. Hatukujua nahodha wetu angegeuka jambazi wa njiani, na kwamba tungemwelewa.

Kwa hiyo pitieni muswada wenu na kalamu nyekundu. Kila onyesho ambalo swali lake pekee ni "je, atapona?" lifuteni kama mhusika ni mmoja wa wale ambao lazima wapone. Libadilisheni liulize "atapona kwa kumfanyia nani nini?" Na deni likishawekwa, lilipwe. Hapo waandishi wenyewe waliteleza: majuto ya Archer yanaguswa mwanzoni mwa msimu wa nne, lakini Waillyrian wale hatuwaoni tena. Episodi moja tu, chombo chao kinafika kwao baada ya miaka mitatu, mwaka 2157, vita vingine vikiwa vimepamba moto na Dunia ikihitaji marafiki. Huo ni mkondo mzima umelala barabarani bila mwenyewe.

Mwangaluka. Nisaidieni hesabu. Episodi ya kwanza wanasema chombo kinakwenda Neptune na kurudi kwa dakika sita, halafu wanafika kwa Waklingon kwa siku nne. Je, inaingia akilini? Na mikondo yangu niipangie siku ngapi za safari? — J.S., Nzega

Mwangaluka. Ya Neptune inaingia. Ya Waklingon haiingii hata ukiisukuma.

Kanuni waliyoizoea mashabiki wa mfululizo wa zamani ni rahisi: chukua namba ya wopu, izidishe kwa yenyewe mara tatu, utapata mwendo ni mara ngapi ya mwanga. Wopu 2 ni 2 × 2 × 2, yaani mara 8. Wopu 4.5 ni karibu mara 91. Wopu 5 ni mara 125. Mwanga huchukua zaidi kidogo ya saa nane kwenda Neptune na kurudi. Gawa kwa 91 unapata kama dakika tano na nusu. Ukisema sita hakuna atakayekugombeza.

Sasa siku nne kwa mwendo uleule: 91 mara 4, gawa kwa 365, unapata mwaka mmoja wa mwanga. Nyota iliyo karibu kabisa na Jua letu iko umbali wa miaka 4.2 ya mwanga. Maana yake nyumbani kwa Waklingon kuko karibu kuliko nyota ya kwanza. Ni sawa na kusema treni imeondoka Tabora, ikafika Kigoma kabla ya kupita Urambo.

Kosa hili linaumiza kuliko linavyoonekana, kwa sababu simulizi hii inajinadi kwamba binadamu bado ni wageni, wako polepole, na msaada uko mbali. Ukifuta umbali umefuta hofu. Andika jedwali lako kabla ya sentensi ya kwanza ya hadithi. Alpha Centauri, miaka 4.4 ya mwanga: siku 13 kwa wopu 5, siku 200 kwa wopu 2. Vulcan, ambayo mashabiki huiweka kwenye nyota ya 40 Eridani, miaka 16 ya mwanga: siku 47 kwa wopu 5, miaka miwili kamili kwa wopu 2. Bandika ukutani. Onyesho lolote litakalomfikisha mtu Vulcan "kesho asubuhi" litajiumbua lenyewe.

Na hapo kwenye tofauti ya siku 13 na siku 200 kuna mkondo ambao tamthilia iliuchungulia ikaondoka. Rubani Travis Mayweather alizaliwa na kukulia kwenye meli za mizigo za anga, zile za wopu 2 au pungufu, ambako familia hulea watoto njiani kwa sababu safari ni ndefu kuliko mimba. Misimu minne, na kijana huyu mara nyingi kazi yake ni kusema "ndiyo, Kapteni". Wasomaji wa Tabora hawahitaji kuelezwa kinachofuata. Reli ilifika Tabora 1912 na Kigoma 1914. Njia ambayo mpagazi wa Kinyamwezi aliitembea kwa majuma ikawa ya siku moja au mbili, na ujuzi wa vizazi, wa visima, wa hongo, wa nyimbo za kubebea mzigo, ukabaki wa kusimulia. Wopu 5 ni reli, na Mayweather ni mtoto wa mpagazi aliyeajiriwa kuendesha garimoshi.

Tungeupa episodi nne, zisizofuatana. Ya kwanza: meli ya familia yake, Horizon, inafika koloni na shehena ya siku 200, inakuta chombo kipya kimeshaleta bidhaa ileile mwezi uliopita. Ya pili: mama yake anauza mtambo wa akiba ili kulipa mafuta. Ya tatu: maharamia, wale Wanausicaan, wanaikuta bila mtambo wa akiba. Ya nne: vita vimeanza, jeshi linahitaji meli nyingi kuliko lilizonazo, na ghafla wale waliodharauliwa ndio wanaojua njia za pembeni. Angalia uuzaji wa mtambo ulivyowekwa ya pili na maafa ya tatu. Ukiviweka vyote kwenye episodi moja, mtazamaji anaona bahati mbaya. Ukiweka majuma kati yake, anaona umaskini.

Ile Vita Baridi ya Nyakati ilinichosha mpaka nikawa nairuka. Ninyi mngeitoa kabisa au mngeitengeneza? — Mama wa watatu, Urambo

Tungeikata, lakini isingekufa yote, mama.

Kwa wasiokumbuka: kuna mtu kivuli kutoka siku za mbele anayewaagiza Wasuliban wavuruge historia, na kuna Daniels, naye wa mbele zaidi, anayemtokea Archer kumwambia "usifanye hivi, fanya vile". Ilianza episodi ya kwanza, ikaisha msimu wa nne kwenye New York iliyotekwa na Wanazi. Yule kivuli hakutajwa jina mpaka mwisho wala hatukuambiwa anataka nini.

Ugonjwa uko hapo. Adui asiyejulikana anachotaka hawezi kushinda wala kushindwa. Anaweza tu kutokea. Halafu kuna ugonjwa wa pili, wa simulizi za kabla peke yake. Nguvu yake yote ni kwamba yaliyopita yamekwisha kuwa. Ukileta watu wanaoweza kuyabadili, ama Kirk anaweza asizaliwe, na hilo hatuliamini, ama hawezi kuzuiwa kuzaliwa, na hapo hakuna hatari yoyote. Ni kama kucheza bao huku mtu akirudisha kete kila ukifunga.

Kilichostahili kubaki ni Wasuliban wenyewe. Msimu wa kwanza kuna episodi ambamo Archer na Mayweather wanatiwa kwenye kambi iliyojaa Wasuliban wa kawaida, wasiohusika na lolote, waliofungiwa kwa sababu tu sura zao ni za kabila la adui. Kigoma, yenye kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, haihitaji darasa juu ya maisha ya kambini. Archer anawasaidia kutoroka, episodi inaisha, hatuwasikii tena. Hebu wafuate. Walikwenda wapi? Nani aliwapokea? Mtoto aliyezaliwa mle kambini anajiunga na wavurugaji au anawachukia?

Tungetenga episodi sita kwa misimu miwili na kumaliza. Mbili za kuwajua Wasuliban kabla ya kuambiwa ni wabaya. Moja ya kambi. Moja ambamo mtu aliyetoroshwa na Archer anamrudia akiwa adui, na sababu zake zina mantiki. Moja inayofichua kivuli anataka nini, kwa sentensi moja inayoeleweka, mathalani kwamba kwao siku za mbele Shirikisho ndilo lililowafuta. Ya sita Wasuliban wenyewe wanamkataa kivuli kwa hiari yao, Archer akiwa mtazamaji. Masharti ni matatu: hakuna anayesafiri nyuma kufuta kifo, Daniels hasemi zaidi ya mara moja, na safari ya wakati ikitumika inamgharimu aliyeitumia kitu kisichorudi.

Kikundi chetu tunaandika msimu wa tano, vita vya Dunia na Waromulan. Tumekwama: mfululizo wa zamani unasema hakuna binadamu aliyewahi kuwaona sura. Mtapiganaje miaka minne na mtu usiyemwona? Na episodi ngapi zinatosha? — Wanne wa Kasulu

Hapa ndipo penye nyama, kwa hiyo tutakaa.

Kwanza masharti yenyewe, maana wengi huyanukuu nusu. Yametoka kwenye episodi ya Desemba 1966 iitwayo "Balance of Terror". Spock, msaidizi Mvulcan wa Kirk, anaeleza kwamba vita vile, vilivyopita zaidi ya karne, vilipiganwa kwa silaha za atomiki na vyombo duni. Hakukuwa na mateka. Hakukuwa na mawasiliano ya kuonana kwa picha. Na mkataba uliwekwa kwa redio. Waromulan wanapoonekana kwa mara ya kwanza, watu wanashtuka kwamba wanafanana na Wavulcan. Kwa kalenda wanayoikubali mashabiki wengi, vita ni 2156 hadi 2160.

Tamthilia yenyewe ilishajikanyaga kwenye msimu wa pili. Archer anakutana na Waromulan kwenye uwanja wa mabomu, na vyombo vyao vinajificha visionekane, wakati kwa Kirk kujificha huko ni jambo jipya kabisa. Msihangaike kulitetea. Liacheni lilale, kila aya mtakayoandika kulieleza itamkumbusha msomaji aliyekuwa ameshasahau.

Msimu wa nne ulifanya vizuri zaidi. Chombo cha Kiromulan kinashambulia huku na huko kikijigeuza sura kwa picha za bandia, mara kinaonekana cha Waandorian, mara cha Watellarite, ili wagombane. Reed, ofisa wa silaha wa Archer, na Trip, fundi wake mkuu, wanaingia ndani na kukuta hakuna mtu: kinaendeshwa kutoka mbali. Humo humo mna jibu la masharti mawili, na waandishi hawakuishi kulitumia.

Kwa nini vita visiwe na mawasiliano ya picha? Kwa sababu binadamu ameshajifunza kwamba picha inadanganya. Andikeni amri: baada ya chombo cha pili kupotea kwa kuamini picha ya rafiki kiooni, Dunia inazima vioo vyote vya mawasiliano, sauti peke yake na neno la siri. Sasa sharti la 1966 halionekani tena kama kikwazo mlichorithi. Limekuwa kovu lenye tarehe. Kwa nini hakuna mateka? Nusu ya vyombo havina watu, nusu nyingine vinajilipua. Wekeni mapema onyesho moja fupi ambamo Reed anafungua mlango wa chombo akitarajia maiti, akakuta kiti hakipo. Mahali pa kiti pana nyaya.

Atomiki ni ngumu kidogo, kwa sababu Enterprise ina mizinga ya nishati na makombora mapya. Jibu liko stoo. Vyombo vya wopu 5 ni viwili tu, Enterprise na Columbia ya Kapteni Hernandez. Vingine vyote ni vya zamani na meli za mizigo zilizofungwa silaha haraka haraka. Ukiwa na meli hamsini na mizinga mipya kumi, zile arobaini utazipa mabomu ya babu. Mayweather mnayemkumbuka hapo juu anaingia tena bila kusukumwa.

Wavulcan wako wapi wakati wote huu? Wengi husahau kwamba msimu wa nne ulishavunja Kamandi Kuu yao, baada ya V'Las, kiongozi wake, kukutwa akichochea vita na Waandorian, naye akila njama na Mromulan gizani. Kwa hiyo mwaka 2156 Vulcan ina meli nyingi na haina jemadari. Wanataka amani kwa ghadhabu ya mtu aliyeokoka pombe juzi. Hiyo inawaweka pembeni bila kuwafanya waoga, na inampa T'Pol, Mvulcan aliye msaidizi wa Archer, mgogoro ulio wake.

Episodi: msimu wa nne ulikuwa na 22, tumieni hizo. Tatu za mwanzo, koloni linanyamaza kimya na hakuna anayejua ni ajali au shambulio. Mbili za pekee. Nne za muungano unaokataa kuungana, na hapo wapeni Watellarite angalau mbili. Ni miongoni mwa waanzilishi wanne wa Shirikisho, na bado tunawajua kwa ubishi tu. Tatu za pekee. Tatu za kupotea kwa Columbia. Mbili za pekee. Tano za kufungia mwaka. Jumla 22, kumi na tano zikiwa ndani ya mikondo na saba, zile za pekee zinazojitegemea, za kupumulia. Saba hizo msizile. Msimu wa tatu ulikuwa karibu mkondo mmoja wa episodi 24, na katikati unasikia kabisa waandishi wakivuta muda.

Msimalize vita. Huu ni mwaka wa kwanza kati ya minne. Kikundi kinachofikisha mkataba kwenye episodi ya 22 hulazimika kuruka miaka, na vita vinavyorukwa huwa kama havikuumiza mtu.

Sasa Hoshi Sato. Ni mtaalamu wa lugha kwenye vita ambavyo vyote vinapiganwa kwa sauti, kisha vinamalizwa kwa redio. Huyu ndiye mhusika mkuu wenu na bado hamjamtaja kwenye muhtasari. Tazameni Kiswahili kinavyoweza kumsaidia. Mtu akikusalimia gizani "shikamoo", ukajibu "marahaba", sijakuona lakini nimejua nani mkubwa. Hoshi ana saa kumi za ujumbe wa Kiromulan, hajui neno hata moja. Anaanza kupanga si maneno, ila nani anajibu kwa kifupi na nani kwa kirefu. Sauti moja kila mara inajibiwa kwa kirefu, kwa silabi ileile mwanzoni, na haiirudishi kamwe. Anamgeukia Archer: "Huyu ndiye. Wengine wote wanamwamkia." Hajui jina lake wala sura yake. Kuanzia hapo wanamsikiliza huyo mmoja tu, kwa msimu mzima, akizeeka, akiugua kifua, siku moja akicheka. Siku anaponyamaza na sauti nyingine ikajibiwa kwa kirefu, mtazamaji atajua kuna mtu amekufa upande wa pili, na huenda akamsikitikia.

Kuhusu kazi yenyewe: kauntabuku moja, si la darasani lile jembamba. Kila episodi kurasa mbili zinazotazamana. Kushoto nini kinatokea. Kulia nani amejua nini kufikia mwisho wake. Makosa ya vita hivi karibu yote yatatokea kulia: mtu wa Dunia atasema "wanafanana na Wavulcan" kwenye episodi ya tisa kwa sababu mwandishi anajua, akasahau kwamba mhusika hajui. T'Pol je, anajua? Amueni leo, muandike kwa wino. Mkiwa wanne, mmoja asiandike chochote. Kazi yake iwe kulinda ukurasa wa kulia.

Mngeufanyaje ule mwisho? Mimi nilikasirika. — B., Sikonge

Hukuwa peke yako. Episodi ya mwisho inaruka hadi 2161, na inasimuliwa kama mchezo wa picha anaoutazama Riker wa mfululizo mwingine, miaka mia mbili baadaye. Trip anakufa humo, kwa kisa cha wahalifu wachache ambacho kingemalizwa na mlinzi mmoja wa getini, na hotuba ya Archer ambayo tuliisubiri miaka minne inakatwa kabla hajaianza.

Marekebisho madogo kabisa: malizia kwenye ile inayotangulia, ya wabaguzi wa Terra Prime. Ina mkutano wa mataifa, ina hotuba, ina msiba wa mtoto wa T'Pol na Trip, na hakuna mgeni wa karne nyingine. Hiyo tayari ni fainali. Kama lazima Trip afe, afe mwaka 2156 kwenye mkondo wa vita, mahali ambapo kifo chake kitabadili uamuzi wa mtu.

Tuna simu mbili nzuri na chumba. Tukitengeneza filamu fupi ya mashabiki, tutakamatwa? Na tuwaonyeshe watu kwenye kibanda umiza? — Vijana wa Mwanga, Kigoma

Wenye haki walitoa masharti ya filamu za mashabiki mwaka 2016. Yanayowahusu zaidi: hadithi moja isizidi dakika 15, au sehemu mbili zisizozidi dakika 30 kwa jumla, na hakuna mwendelezo baada ya hapo. Jina la filamu lisiwe na maneno Star Trek, ila chini yake paandikwe kwa Kiingereza kwamba ni kazi ya mashabiki. Hakuna anayelipwa. Msikate vipande vya tamthilia na kuvibandika. Mavazi au vifaa vikiwa vya kununua, visiwe feki. Na isiuzwe wala isiingize fedha, kwa hiyo kibanda umiza kinaruhusiwa mlango ukiwa wazi. Mkichukua hata shilingi mia tano ya kiingilio mmetoka nje ya masharti.

Dakika 15 ni chache. Andikeni kurasa 12, kwa kipimo cha ukurasa mmoja dakika moja, na mtaona bado zinazidi. Wahusika watatu, chumba kimoja. Chumba cha redio cha meli ya mizigo kinatosha: mtu anasikiliza sauti, haoni kitu, mnakumbuka vita vyenyewe ni vya sauti. Hamhitaji kuonyesha anga hata mara moja.

Sauti ndiyo inayoua filamu za simu. Simu moja ipige picha, ya pili irekodi sauti ikiwa sentimita 30 hadi 40 kutoka mdomoni, imefichwa mezani chini ya karatasi. Pigeni kofi moja mbele ya kamera mwanzo wa kila rekodi, ndilo mtakalolitumia kulinganisha picha na sauti. Chini ya bati msirekodi wakati wa masika, wala jua la saa saba, maana bati hulia likipanuka. Mablanketi mawili ukutani yanaondoa mwangwi. Taa ya balbu nyeupe ikitoa kivuli kikali, ikingeni kwa kipande cha chandarua kilichokunjwa mara mbili, mbali na joto.

Mkiona picha inapepesa mistari, si simu mbovu. Umeme wetu ni wa hezi 50. Wekeni kamera kwenye picha 25 kwa sekunde na spidi ya 1/50, mistari itaondoka. Kama programu ya kamera ya simu yenu haina mahali pa kubadili hayo, pigeni mchana karibu na dirisha, taa zote zimezimwa.